Umestaafu. Nani anakungoja kesho asubuhi? Mwongozo wa miezi sita ya kwanza kwa wastaafu wa Mwanza

Haupiti mwezi bila mtu kubisha hodi getini kwangu hapa Nyegezi. Mara nyingi ni mtu niliyewahi kumhudumia wodini, au mume wa mama niliyemzalisha. Tukishamaliza salamu, chai ikishapoa, swali linatoka: "Sista, nimestaafu. Sasa nifanye nini?" Wengine hawasemi hivyo moja kwa moja. Wanasema usingizi umekimbia, presha inapanda, na mama watoto siku hizi hawaelewani. Nikiuliza mawili matatu tunaishia palepale: mtu ameacha kazi na hajui aamkie wapi.

Nimeeleza kwa mdomo mara nyingi mno, ndiyo maana naandika.

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka 34. Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa 11 alfajiri kama kawaida, nikaoga, nikavaa, nikachana nywele, nikakaa sebuleni na mkoba mapajani. Ilipofika saa 1 na nusu, saa ya kupokezana ripoti, nilianza kulia. Wodini muuguzi wa usiku haondoki mpaka wa asubuhi afike apokee wagonjwa. Kwa miaka 34 kulikuwa na mtu aliyechoka, macho mekundu, anaangalia mlango akinisubiri mimi. Kipato kilipungua, ndiyo, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukuwa tena na mtu anayeangalia mlango.

Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinaelekea mahali pamoja. Miezi sita ikiisha, uwe na angalau sehemu moja ambayo usipotokea, kuna mtu atauliza: "Leo vipi, mbona hajafika?"

Andaa haya kabla ya kuanza

- Daftari kubwa na kalamu. Usitegemee simu. Utahitaji kurudi kusoma ulichoandika wiki ya pili ukiwa wiki ya ishirini.
- Viatu vya kufunga, vyenye soli ya kushika. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Nimepokea wazee waliovunjika nyonga kwa sababu ya ndala na jiwe lililolowa umande.
- Kiti kigumu cha mbao kisichoyumba. Utaona kazi yake hatua ya 4.
- Bahasha moja yenye kitambulisho cha taifa, kadi ya bima kama unayo, na karatasi zako za mfuko wa pensheni, PSSSF au NSSF. Mtu mmoja nyumbani ajue inakaa wapi.
- Mazungumzo na mwenzi wako, ya kukaa chini kabisa. Nyumba ilikuwa na utaratibu wake mchana wakati wewe uko kazini. Usiingie jikoni ukaanza kupanga sufuria upya.
- Uamuzi kwamba mkupuo wa mafao hauguswi kwa miezi sita, isipokuwa kwa ugonjwa, ada iliyokwisha pangwa, au paa linalovuja. Nitarudi hapo, maana mimi mwenyewe sikuufuata.

Hatua ya 1. Pumzika, lakini weka tarehe ya mwisho

Pumzika wiki nne. Umefanya kazi mpaka 60, au umeondoka kwa hiari kuanzia 55, umestahili. Lala, tembelea ndugu, hudhuria ile misiba na harusi ulizokuwa unatuma mchango tu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, kwenda kuwasalimu watu wa Sengerema na Geita hakuna tena kukesha kwenye foleni ya kivuko.

Lakini andika kwenye daftari tarehe ya kuisha kwa mapumziko, na umwambie mtu. Mapumziko yasiyo na tarehe huwa yanageuka kitu kingine. Nimeona wanaume imara, waliokuwa wakiongoza idara, miezi minne baadaye wameketi kwenye kiti kilekile cha plastiki tangu asubuhi, wamenyoosha miguu, na chupa ya kwanza imefunguliwa saa 4.

Hatua ya 2. Pima mwili wako ukiwa mzima

Wiki ya tatu ya mapumziko nenda kituo cha afya. Usisubiri uugue. Omba upimwe presha, sukari, uzito, macho, na masikio ikiwezekana. Wanaume mnaoamka usiku mara tatu kwenda chooni, semeni hivyo kwa daktari bila kuzungushazungusha. Tezi dume inatibika, aibu ndiyo inayochelewesha watu.

Ukiambiwa presha ni 140 kwa 90 au zaidi, usianze dawa za jirani. Rudi siku nyingine ipimwe tena, ukiwa umekaa dakika tano, miguu imegusa sakafu, hujatoka kupanda mlima. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7 nayo irudiwe. Ziandike namba zote kwenye daftari pamoja na tarehe.

Ukifika, uliza dirisha la wazee liko wapi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na vituo vingi vya umma vina sehemu ya kuwahudumia wazee kwanza. Usione haya kuitumia. Wapo wanaokaa foleni saa tatu kwa sababu hawataki kuitwa wazee.

Macho nayasisitiza. Mtoto wa jicho huja polepole, mtu akaacha kusoma, akaacha kutoka jioni, akaacha kwaya kwa sababu haoni kitabu cha nyimbo, na nyumbani wakadhani amechoka na maisha. Kumbe ni lenzi imeingia ukungu, na upasuaji wake ni mfupi.

Hatua ya 3. Andika kazi ilikupa nini zaidi ya mshahara

Fungua ukurasa mpya, chora mistari miwili kutoka juu hadi chini upate safu tatu. Ya kwanza andika "Watu". Ya pili "Saa". Ya tatu "Nilichokuwa naulizwa".

Kwenye "Watu" andika majina ya uliokuwa unaongea nao kila siku, hata mlinzi wa getini na mama wa maandazi. Kwenye "Saa" andika siku yako ilikuwa inaanzaje na kuishaje. Safu ya tatu ndiyo yenye dhahabu: andika maswali ambayo watu walikuwa wanakuletea wewe na si mwingine. "Mzee, hii injini mbona inatoa moshi mweupe?" "Mwalimu, mtoto huyu nimpeleke shule gani?" "Sista, mtoto hanyonyi."

Usiandike cheo. Cheo kimebaki ofisini. Maswali umetoka nayo.

Fanya zoezi hili kwa siku tatu, si kwa kikao kimoja. Mimi siku ya kwanza niliandika mistari minne tu. Siku ya tatu nilijaza ukurasa, na nikagundua kwamba kwa miaka mingi nilichokuwa naulizwa zaidi hakikuwa dawa wala sindano. Wasichana waliopata mimba ya kwanza walikuwa wanauliza mambo ambayo hawawezi kuwauliza mama zao.

Hatua ya 4. Anza kutembea, kisha ongeza nguvu na mizani

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wafanye angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na ya kujiweka sawa wasianguke siku tatu au zaidi. Ukiwa na 60 anza na hayohayo. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano.

a) Wiki ya kwanza tembea dakika 10 tu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Wiki inayofuata 15. Usiruke hatua. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

b) Tafuta njia tambarare kwanza. Barabara ya kandokando ya ziwa kuelekea Capri Point ni nzuri alfajiri, magari ni machache. Mkaaji wa Igogo au Mabatini juu, mlima unao mlangoni: shuka taratibu, mapumziko yako yawe wakati wa kupanda. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti na kuangusha watu, kwa hiyo shika ukuta.

c) Siku mbili kwa wiki tumia kile kiti. Kiegemeze ukutani, kaa, kunja mikono kifuani, simama bila kujisukuma, kaa tena polepole. Mara 10. Pumzika. Rudia. Ukishindwa kabisa, tumia mikono mwanzoni. Zoezi hili linalinda uwezo wa kujiinua mwenyewe kitandani na chooni, na hakuna uhuru mkubwa kuliko huo.

d) Siku tatu kwa wiki simama kando ya meza nzito, shika kwa vidole, inua mguu mmoja, hesabu hadi 10. Badilisha.

Tahadhari: wengi wetu tulikulia kwenye maji, na mstaafu akitembea ufukweni hamu ya kuingia mguu humjia. Usisimame kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, wala usioshe miguu hapo. Kichocho kiko ziwani kwetu. Konokono wadogo wa kwenye majani hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi nzima, bila kidonda wala maumivu. Kama umekuwa ukiingia, omba kipimo. Dawa yake ipo. Na kwenye matete saa za jioni kuna viboko na mamba, hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Mwanza, ila wageni waliohamia baada ya kustaafu nawaambia.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, simama, kaa, na siku hiyohiyo nenda hospitali.

Hatua ya 5. Chagua kazi moja ya kungojewa

Hapa ndipo penye uzito wote. Rudi kwenye safu ya tatu ya daftari. Chagua swali moja ambalo bado unaweza kulijibu, kisha tafuta nani analiuliza leo.

Nikupe mfano ninaouona kwa macho. Jirani yangu alikuwa fundi wa injini za meli. Alipostaafu alifungua banda la vipuri, likafa ndani ya mwaka, kwa sababu kuuza hakukuwa kazi yake. Sasa kila Jumatano na Jumamosi anashuka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, asubuhi. Vijana wa mitumbwi wanamletea mashine zilizogoma. Hagusi spana. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamwambia kijana, "Fungua plagi. Nusa. Unasikia nini?" Kijana ananusa. "Petroli, mzee." "Basi cheche haipo. Tafuta wapi imekatikia." Wanamlipa samaki mmoja au wawili, siku nyingine hawamlipi. Asipofika Jumatano, kabla ya saa 3 kuna mtu ameshapanda mpaka kwake kuuliza kulikoni.

Kazi ya kungojewa ina sifa tatu. Ina siku na saa inayojulikana. Kuna mtu mahususi anayekwama usipofika. Na ni ndogo kiasi cha kuiweza hata wiki ambayo goti linauma. Uenyekiti wa kamati isiyokutana haumo. Kutazama taarifa ya habari na kuijadili haimo.

Mawazo mengine niliyoyaona yakifanya kazi hapa kwetu: mwalimu anayesomesha watoto sita kusoma chini ya mwembe wake kila Jumamosi, mhasibu anayeweka vitabu vya VICOBA viwili na kukaa na akina mama siku ya kuvunja sanduku, ili kusiwe na ugomvi, dereva anayefundisha bodaboda alama za barabarani, mzee anayekaa kwenye baraza la usuluhishi la kata, mama anayefundisha kushona, wanaotunza miche ya miti ya shule. Msikitini na kanisani kuna kazi nyingi zisizo na mtu, kuanzia kutembelea wagonjwa hadi kufungua milango asubuhi.

Chagua moja. Si tatu. Watu wakisikia umestaafu watakukabidhi kila kamati ya harusi na ya msiba, na utajikuta umechoka kuliko ulipokuwa kazini bila kujua umefanya nini.

Hatua ya 6. Nenda ukaombe, na uende vizuri

Wastaafu wengi wanakwama hapa kwa sababu wanasubiri kuitwa. Hutaitwa. Wenye shule na zahanati hawajui kwamba upo na una nafasi.

Ukienda shuleni, mwone mwalimu mkuu. Mtaani, anza na mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji. Kwenye zahanati, mganga mfawidhi. Nenda asubuhi ya katikati ya wiki, si Jumatatu. Huenda mwenye ofisi ni umri wa mwanao, na atakupa shikamoo. Itikia marahaba kwa upole, kisha uwe mgeni, usiwe bosi. Sema maneno machache:

"Mwanangu, mimi ni muuguzi mstaafu, nakaa mtaa huu. Nina Jumanne na Ijumaa asubuhi, kwa muda wa saa mbili tu. Naweza kuzungumza na kina mama wajawazito wakati wanasubiri kipimo. Nijaribu wiki sita, ukiona haifai uniambie."

Siku, saa, kazi, muda wa majaribio. Usieleze historia yako ya kazi isipokuwa ukiulizwa. Usiseme "enzi zetu".

Kituo cha kwanza nilichoenda waliniacha kwenye benchi mpaka saa 6, kisha kijana mmoja akaniambia hawana bajeti, wakati sikuwa nimeomba hela. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, nikakaa wiki mbili bila kujaribu tena. Kituo cha pili mganga mfawidhi alinisikiliza amesimama, akasema, "Mama, Ijumaa hii unaweza?" Sasa ni mwaka wa nne. Mwezi uliopita mvua ilinichelewesha, simu ikaita saa 2 na dakika 10: "Sista uko wapi? Kina mama wameshakaa." Niliipokea nikiwa ndani ya daladala, nikalazimika kugeukia dirishani abiria wasinione ninavyofuta macho.

Hatua ya 7. Otesha kitu nyumbani

Hata kama kazi yako ya nje ni siku mbili tu, zile nyingine zinahitaji kitu cha kukuinua. Kwenye viwanja vyetu vya mawe shamba hakuna, lakini gunia linakaa popote.

Chukua gunia la sandarusi lisilopasuka. Changanya madebe mawili ya udongo na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na wengi wanaoshindwa wameshindwa hapo. Tafuta kopo kubwa lililokatwa juu na chini, liweke katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo pembeni, kisha livute juu na ujaze tena, mpaka gunia lijae na nguzo ya kokoto ibaki katikati. Maji utakayomwaga juu yatashuka kwa kokoto hizo na kufika chini. Toboa matundu madogo ubavuni, yasikae mstari mmoja, panda miche ya sukuma wiki au chainizi, juu mwagia mbegu za mchicha.

Mchicha utaanza kuuvuna baada ya wiki tatu hadi nne. Mwagilia kila asubuhi wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa. Funika na chandarua chakavu kama jirani ana kuku, na jirani ana kuku.

Hatua ya 8. Ipe wiki umbo

Chora siku saba. Weka kwanza kazi ya kungojewa. Halafu kutembea. Halafu ibada. Halafu mtu mmoja wa kumtembelea kila wiki, ikiwezekana mstaafu mwenzako ambaye hajatoka ndani siku nyingi. Acha siku moja tupu kabisa.

Hatua ya 9. Wajukuu: penda, lakini panga

Wanao wataona sasa una nafasi. Kulea mjukuu ni furaha, na mimi siku za Jumapili siziuzi. Lakini nimeona bibi wa miaka 66 ameachiwa watoto wanne Jumatatu hadi Jumamosi, hana muda wa kliniki yake mwenyewe ya presha. Sema mapema, kwa upendo, siku zipi unaweza na zipi huwezi. "Jumanne na Ijumaa niko kazini" ni jibu kamili.

Na siku ukiwa nao, wape kile ambacho wazazi wao hawana. Wafundishe kuamkia kwa Kisukuma "mwangaluka" na kuitikia. Waeleze ukoo, nani alitoka wapi, kwa nini babu alihamia mjini. Wapeleke Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Mwezi Juni kwenye sikukuu ya Bulabo wakaone makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana ngoma. Kisha andika kwenye daftari majina ya ukoo uliyowatajia. Utashangaa yapi umeyasahau, na ni nani aliye hai wa kumuuliza.

Kuhusu mkupuo

Nilisema nitarudi. Mwezi wa nne baada ya kustaafu niliingia biashara ya dagaa. Mtu wa Mwanza gani hajui kwamba dagaa wana hela? Nilichokuwa sijui ni kila kitu kingine. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishapevuka mitumbwi inakaa nchi kavu. Nilinunua mzigo mkubwa wakati wa giza, mwezi wa Aprili, masika yameshika. Nikaanika mchangani. Mvua ikapiga siku tatu. Siku ya tatu nilisimama Kirumba nikitazama mzigo wangu umegeuka rangi ya kutu na kunata kama ugali, na mnunuzi wa chakula cha kuku akinitajia bei bila kunitazama usoni. Akina mama waliokuwa pembeni yangu walianika kidogo tu, kwenye chanja, na turubai likiwa tayari, kwa sababu walikuwa wameyaona mawingu ya upande wa ziwa tangu alfajiri. Wao wamejifunza kwa miaka 20. Mimi nilitaka kujifunza kwa wiki tatu, kwa mafao.

Kwa hiyo:

- Usiingie biashara ambayo hujaifanyia kazi ya mikono kwa mtu mwingine angalau msimu mmoja mzima.
- Usimdhamini mtu mkopo, hasa hii mikopo ya riba kubwa ya kausha damu, hata awe mtoto wa dada.
- Anayepiga simu akisema ametoka kwenye mfuko wa pensheni na anataka namba yako ya siri ni mwizi. Kata simu, nenda ofisini mwenyewe.
- Uhakiki wa wastaafu ukitangazwa, ufanye mapema. Pensheni ikisimama, kuirudisha ni safari nyingi.

Ukikwama

*Naamka saa 9 usiku, silali tena.* Angalia unalala mchana kiasi gani. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa na usipite saa 9 alasiri. Chai na kahawa ziishie mchana. Punguza maji baada ya chakula cha jioni. Kutembea asubuhi kwenye mwanga kunasaidia zaidi ya kidonge.

*Magoti yanauma nikitembea.* Punguza dakika, usiache. Goti linaloachwa hukakamaa. Goti lililovimba na lenye joto ni la kuonyesha kwa daktari.

*Mwenzangu anasema namsumbua nyumbani.* Anasema kweli, na hajakukataa wewe. Kuwa nje ya nyumba kwa muda wa saa tatu kila asubuhi kwa wiki mbili, hata kama ni kwenye gunia la mchicha, kisha mzungumze upya.

*Vijana hawanisikilizi.* Subiri wakuulize. Yule fundi alikaa mwaloni wiki tano bila mtu kumsemesha neno zaidi ya salamu.

*Sioni hamu ya chochote, hata wajukuu.* Hali hii ikipita wiki mbili, na hasa ukiwa huli, hulali au unafikiria kwamba ni heri usingekuwepo, huo ni ugonjwa na una tiba. Mwambie mtu wa nyumbani leo, uende hospitali naye. Bugando na Sekou Toure wanaona wagonjwa wa aina hii kila siku. Usiende kwa mganga wa kienyeji kwanza. Wataanza kutafuta aliyekuloga, na mara nyingi anayetajwa ni bibi kizee asiye na mtetezi. Eneo letu limeshaumiza bibi wengi kwa njia hiyo.

*Nimefiwa mwaka huu wa kustaafu.* Acha hatua ya 5 kwanza. Fanya ya 4 na ya 7 tu, na mtu atembee nawe. Ukifika mwaka, rudi kwenye daftari.

*Mimi sikuajiriwa. Nimeuza samaki maisha yangu yote, sina mafao wala tarehe ya kustaafu.* Mama mmoja wa Kirumba aliniuliza hivyo, mgongo umeshamkataza kuinua ndoo. Tulikaa tukajaza ile safu ya tatu, yeye akisema na mimi nikiandika, maana hajui kusoma. Swali alilokuwa anaulizwa kila siku ni moja: "Mama, hawa wamekauka?" Anachukua dagaa watatu, anawavunja karibu na sikio, anajibu. Sasa haanui wala habebi. Anakaa kwenye kigoda saa 1 hadi saa 4 asubuhi, wasichana wapya wanaleta dagaa wao awavunje kabla hawajafunga magunia, na kila anayefunga anamwachia kikopo kimoja.

Kama hali yako ni kama ya huyo mama, anza na hatua ya 2 na ya 3, na umtafute mjukuu anayejua kuandika.